Bure si Huria: Hadithi ya SSH

Kaa pembeni ya mtu yeyote anayesimamia seva, umwangalie anavyoanza siku yake. Mara nyingi atafungua kidirisha cheusi, ataandika herufi tatu, ssh, kisha jina la mashine, na muda si mrefu yuko ndani ya kompyuta iliyoko mji mwingine, pengine hata bara jingine. Hakuna picha, hakuna mbwembwe. Sisi tuliosoma kompyuta tulikutana nayo mapema kabisa: mwalimu alisema andikeni hivi, tukaandika, maisha yakaendelea. Hakuna aliyetudai hela, na wala hakuna aliyetuambia kitu hiki kimetoka wapi.

Leo nataka tuulize kimetoka wapi. Ukiifuatilia historia ya SSH unaelewa jambo moja ambalo watu wengi wa IT, mimi nikiwemo, tumelichukulia juu juu. Kiingereza kina neno moja, free, kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kilicho huru. Sisi Waswahili tumebahatika kuwa na maneno mawili: bure na huria. Lakini bado tunayachanganya. Tunapakua programu, tunaona haina bei, tunasema "hii ni huria" na kusonga mbele. SSH ilipitia hali zote mbili, na ilipotoka hali moja kwenda nyingine dunia nzima iliguswa.

Barua bila bahasha

Turudi kwanza kabla ya 1995. Kuingia kwenye kompyuta ya mbali si jambo jipya. Watu walikuwa wanatumia Telnet na rlogin, na mafaili wakiyahamisha kwa FTP. Zilifanya kazi vizuri tu. Shida ni kwamba ziliundwa wakati mtandao ulikuwa wa watafiti wachache waliofahamiana. Kila ulichoandika kilisafiri kama kilivyo, herufi kwa herufi. Jina lako, nywila yako, barua zako, vyote vilipita kwenye waya kama barua isiyo na bahasha: postamasta anaisoma, mbeba mfuko anaisoma, na yeyote aliyesimama njiani anaisoma.

Na waliosimama njiani walikuwa wengi. Katika mitandao ya ofisi na vyuo ya miaka ile, kompyuta nyingi zilishirikiana waya mmoja. Data iliyotumwa kwa mashine moja ilizifikia zote, ila mashine zenye adabu zilipuuza isiyo yao. Mdukuzi aliyeingia kwenye mashine moja tu aliweza kuiamuru iache adabu, isikilize kila kitu, na iweke kando herufi za mwanzo za kila muunganisho. Humo ndimo nywila zinamokaa. Februari 1994, CERT, kituo cha usalama wa kompyuta kilichoko Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, kilitoa tahadhari kuhusu mtindo huo: mifumo ilioathirika ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Mwaka uliofuata zamu ilifika Finland. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki iligunduliwa programu ya kunasa nywila, imewekwa kwenye seva iliyounganishwa moja kwa moja na uti wa mgongo wa mtandao wa chuo. Ilipokutwa ilikuwa imeshakusanya maelfu ya majina na nywila. Mtafiti mmoja wa chuo hicho, Tatu Ylönen, alichukizwa. Akaanza kujisomea elimu ya usimbaji, yaani sayansi ya kuficha maandishi, na kuandika dawa yake mwenyewe.

Miezi michache Helsinki

Kazi hiyo ilimchukua miezi michache tu. Aliiita Secure Shell, kwa kifupi SSH. Wazo lake ukilichambua lina hatua tatu.

Ya kwanza: kabla ya kutumana chochote cha maana, kompyuta mbili zinakubaliana siri ya muda, ambayo itatumika kwa mazungumzo hayo tu. Kuanzia hapo kila herufi inasimbwa. Anayesikiliza njiani anaona mchanganyiko usio na kichwa wala miguu.

Ya pili: seva inajitambulisha. Kufunga mazungumzo kwa siri hakusaidii kitu kama unazungumza na tapeli aliyejifanya seva yako. Kwa hiyo kila seva ina jozi ya funguo: mmoja wa umma, mmoja binafsi. Fikiria ufunguo wa umma kama kufuli unalomgawia yeyote, na ufunguo binafsi ndio pekee unaoweza kulifungua. Anayelifungua kufuli amethibitisha kuwa ndiye mwenye ufunguo. Mara ya kwanza unapoungana na seva, SSH inakuonyesha mstari mrefu wa herufi na tarakimu, alama ya kidole ya ufunguo wa seva hiyo, na kukuuliza kama unaiamini. Ukikubali, inaikumbuka. Siku alama hiyo ikibadilika, SSH inapiga kelele.

Ya tatu: hata wewe mtumiaji unaweza kutumia jozi ya funguo badala ya nywila. Ufunguo wako binafsi haupiti mtandaoni kabisa. Hakuna cha kunasa.

Kuna jambo dogo ambalo kila mtu wa IT analijua kwa moyo bila kujua chanzo chake: SSH inasikiliza kwenye poti namba 22. Ylönen alitaka programu yake ichukue nafasi ya Telnet, iliyo kwenye poti 23, na FTP, iliyo kwenye poti 21. Akaona 22 ipo wazi katikati. Julai 1995 akaandika barua pepe kwa IANA, chombo kinachogawa namba hizo, akaiomba. Siku iliyofuata akajibiwa: namba ni yako. Hakukuwa na fomu wala kamati. Siku hizi ukitaka namba ya chini namna hiyo utasubiri sana.

Mwezi huohuo akaitoa SSH hadharani, pamoja na msimbo wake, bila malipo. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50, na yeye alikuwa anapokea barua pepe 150 kwa siku za watu wanaoomba msaada.

Zawadi yaanza kufungwa

Simama hapo kwenye barua 150 kwa siku. Huyu ni mtu mmoja. Ana utafiti wake, ana maisha yake. Kila barua ni mtu mwenye shida ya kweli: SSH yangu haiungani, SSH yangu inakwama kwenye mashine ya aina fulani, tafadhali naomba uniongezee hiki. Ukizijibu zote hufanyi kazi nyingine. Usipozijibu, unalaumiwa.

Desemba 1995 Ylönen alianzisha kampuni, SSH Communications Security. Sioni haki ya kumlaumu. Kufanya kazi na kulipwa si dhambi. Lakini kampuni inahitaji kitu cha kuuza, na leseni za matoleo yaliyofuata zikaanza kubana, toleo baada ya toleo, hasa kwa wanaotaka kuitumia kibiashara. Programu ileile iliyoanza kama zawadi ikawa kidogo kidogo bidhaa.

Hapa ndipo tofauti ya bure na huria inapojitokeza. Kitu cha bure ni hisani, na mwenye hisani ana haki ya kuisitisha kesho. Kufikia 1999 wasimamizi wa mifumo duniani walikuwa wanaitegemea SSH kama tunavyotegemea kufuli la mlango, na masharti ya kufuli hilo yalikuwa mikononi mwa kampuni moja.

Ila kulikuwa na kitu ambacho kampuni isingeweza kukirudisha: matoleo ya mwanzo. Leseni za matoleo hayo ziliruhusu watu kuuchukua msimbo, kuubadilisha na kuugawa. Ruhusa ikishatolewa pamoja na msimbo, inabaki na msimbo huo.

Toleo la zamani lafufuliwa

Mwaka 1999 Msweden Björn Grönvall alirudi nyuma kwenye toleo la 1.2.12, la mwisho alilolikuta na leseni ya kutosha uhuru, akaanza kurekebisha kasoro zake. Wakati huohuo kundi la OpenBSD lilikuwa linatafuta SSH ya kuweka ndani ya mfumo wao. OpenBSD ni mfumo endeshi ulioanzishwa 1995 na Theo de Raadt, mkazi wa Calgary, Kanada, na unajulikana kwa ukali wake kuhusu usalama. Waliiona kazi ya Grönvall, wakaichukua na kuifumua. Walitoa sehemu zenye leseni tata, wakasafisha msimbo, wakaziba mashimo. Tarehe 1 Desemba 1999 OpenBSD 2.6 ilitoka ikiwa na mtoto mpya ndani: OpenSSH.

Mahali nako kulikuwa na umuhimu wake. Marekani kwa miaka mingi ilidhibiti usafirishaji wa programu za usimbaji nje ya nchi, na kuna wakati iliziweka kwenye orodha moja na silaha. OpenBSD, kwa kuwa Kanada, iliweza kusambaza usimbaji imara kwa dunia nzima. Yaani uhuru wa programu haukutegemea leseni peke yake. Ulitegemea pia mwenye seva anaishi nchi gani.

Kikundi kingine cha watengenezaji, akiwemo Damien Miller wa Australia, kikaichukua OpenSSH na kuifanya iende kwenye Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix. Kwa upande wa Windows, Simon Tatham wa Uingereza alikuwa ameshaandika PuTTY, programu ndogo ya bure na huria ambayo mpaka leo utaikuta kwenye kompyuta za mafundi wengi, na kidirisha chake cha mipangilio ambacho sura yake haijabadilika sana tangu enzi hizo.

Februari 2001 Ylönen aliiandikia OpenSSH akitaka wabadilishe jina, kwa hoja kwamba SSH ni alama ya biashara ya kampuni yake. Wakakataa. Kufikia hapo neno ssh lilikuwa limeshakuwa jina la kitendo: watu walikuwa "wana-ssh" kuingia kwenye mashine. Mwaka 2006 kanuni za SSH toleo la pili zilichapishwa na IETF, jumuiya inayoandika viwango vya intaneti, ili yeyote aweze kutengeneza programu inayozungumza lugha hiyo. Na mwaka 2018 Microsoft, kampuni ambayo kwa miaka mingi haikuwa na mapenzi na mambo haya, iliiweka OpenSSH ndani ya Windows 10.

Ukiishia hapo ni hadithi tamu. Programu ya bure ilifungwa, huria ikaifungua, huria ikashinda. Na kwa muda mrefu mimi mwenyewe niliisimulia hivyohivyo. Lakini bado kuna swali ambalo leseni haiwezi kulijibu.

Nani analipa umeme?

Mwanzoni mwa 2014 OpenBSD ilitangaza kwamba ina tatizo la bili ya umeme. Si sitiari. Mashine za kujengea na kujaribia programu zilikuwa Calgary, zilihitaji umeme wa takriban dola 20,000 kwa mwaka, na hela haikuwepo. Mradi ulieleza wazi kwamba wasipopata msaada, unaweza kuzimwa.

Weka mambo mawili kwenye mizani. Upande mmoja, programu inayolinda milango ya seva za benki, vyuo, serikali na kampuni kubwa za teknolojia. Upande mwingine, bili ambayo kampuni yoyote kati ya hizo ingeilipa kwa hela ya chai. Michango ilifika baada ya kilio hicho, na mwaka uliofuata Microsoft yenyewe ikawa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa taasisi inayosimamia fedha za OpenBSD. Mradi ukapona. Lakini ulipona kwa kupiga yowe, na si kila mradi una mtu mwenye sauti ya de Raadt.

Nusu sekunde

Hadithi yetu inarudi Finland kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka.

Kuna programu iitwayo xz. Kazi yake ni kukandamiza mafaili yawe madogo, basi. Haina uhusiano na usalama. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Mfini mmoja, Lasse Collin, kwa muda wake wa ziada na bila mshahara. Mwaka 2022 watu walianza kumbana kwenye orodha ya barua pepe ya mradi: mbona matoleo yanachelewa, mbona hujibu, mpe mwingine. Collin alijibu kiungwana, akaeleza kuwa amekuwa na matatizo ya kiafya na akawakumbusha kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyolipwa. Kwa bahati, au tuseme tulidhani ni bahati, kulikuwa na msaidizi mwenye bidii aliyejiita Jia Tan. Alituma marekebisho mazuri, mfululizo, kwa zaidi ya miaka miwili. Akaaminiwa. Akapewa mamlaka ya kutoa matoleo.

Mwanzoni mwa 2024 akatoa 5.6.0 na 5.6.1. Ndani yake alificha mlango wa siri. Sehemu ya sumu ilikaa kwenye mafaili yaliyoonekana kama ya majaribio tu. Kipande cha kuiamsha hakikuwepo kwenye hazina ya wazi ya msimbo, bali ndani ya kifurushi kilichoandaliwa kwa ajili ya kupakuliwa. Na shabaha haikuwa xz. Ilikuwa SSH. OpenSSH yenyewe haitumii xz, lakini baadhi ya mifumo ya Linux, kama Debian na Fedora, huiongezea kiungo na programu nyingine, systemd, na kupitia kiungo hicho maktaba ya xz inaingia ndani ya nyumba. Mwenye ufunguo maalumu wa Jia Tan angeweza kuamuru seva yoyote iliyoathirika, bila nywila.

Aliyeugundua mpango huo hakuwa akitafuta wadukuzi. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anapima kasi ya kazi zake kwenye toleo la majaribio la Debian. Akaona kuingia kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida, na processor inahangaika bila sababu. Wengi wetu tungesema mtandao leo mbovu. Yeye akachimba. Tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia. Matoleo yenye sumu yalikuwa bado hayajafika kwenye matoleo imara ambayo seva nyingi hutumia, ila yalikuwa mlangoni. Nyuma ya jina Jia Tan hakuna mtu aliyewahi kujitokeza.

Sasa, angalia jinsi huria ilivyofanya kazi pande zote mbili. Uhuru ndio uliomwezesha Freund kufungua msimbo na kufuatilia nusu sekunde yake mpaka mzizini. Ingekuwa programu iliyofungwa, angeishia kuandika malalamiko na kusubiri. Lakini huria haikumpa Collin mshahara wala msaidizi wa kweli. Mshambuliaji hakuvunja usimbaji wa SSH, ambao bado ni imara. Alitumia uchovu wa binadamu.

Ya kuondoka nayo

Ukirudi mwanzo utaona ni uchovu uleule. Barua 150 kwa siku zilizomwelemea Ylönen 1995 na malalamiko yaliyomwelemea Collin 2022 ni mzigo wa aina moja. Ylönen aliutua kwa kuanzisha kampuni, na watumiaji wakapoteza uhuru. Collin aliutua kwa kumwamini mgeni, na nusura tupoteze usalama.

Kwa hiyo mtu akikwambia programu fulani ni bure, uliza maswali mawili. Leseni inaniruhusu nini siku mwenyewe akibadili mawazo? Na nani anaibeba leo, wangapi, kwa hela gani? Swali la kwanza linajibiwa kwa kusoma faili la leseni. La pili linajibiwa kwa dakika kumi za kuangalia historia ya mradi: majina mangapi yanajirudia, malalamiko yanajibiwa na nani. Ukikuta jina moja tu, na kazi yako yote inaliegemea jina hilo, umeshajua penye hatari.

Na wewe mwanafunzi usiye na hela ya kuchangia, una mkono. Ukikuta kasoro, iandike vizuri, na hatua za kuirudia, badala ya "haifanyi kazi". Rekebisha maelezo yaliyopitwa na wakati. Mjibu mgeni anayeuliza swali ambalo wewe ulilipata jibu mwezi uliopita. Hiyo ni barua moja pungufu kwenye 150. Na kama nusu sekunde imeongezeka pasipo sababu, usiseme mtandao mbovu.

Nakiri jambo la mwisho. Kwa miaka yote niliyotumia SSH, alama ile ya kidole ilipotokea niliandika "yes" bila kuisoma. Tangu nianze kuifuatilia historia hii, naisoma.